Kopi za nyimbo za Queen: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yangu

Kila nikiweka kwenye status wimbo wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ulioimbwa na mtu mwingine, inbox inajaa maswali yale yale, na kujibu mmoja mmoja nimechoka jamani, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asije akalalamika huko mbele: anayemfukuzia Freddie Mercury, mwimbaji wao, sauti anaachwa njiani, anayeuchukua wimbo akaupeleka nyumbani kwao ndo anayetoka na kitu. Hayo mengine yote ni mifano tu.

Kopi ni nini hasa? Ni sawa na rimiksi?

Hapana. Wanamuziki wa dansi wa kwetu wanasema kupiga kopi tangu enzi hizo, na maana yake ni ile ile: unauchukua wimbo wa mwenzio, melodi yake na maneno yake, unaupiga upya wewe na watu wako. Rimiksi ni kuchukua rekodi yenyewe ya zamani na kuichezea, kama Wyclef Jean alivyofanya 1998 na Another One Bites the Dust, mule ndani Freddie anaimba kabisa, yeye kaongeza mashairi na mdundo. Halafu kuna sampo, yani kukata kipande tu ukakijengea nyumba mpya juu yake. Mfano unaojulikana na wote ni Vanilla Ice na Ice Ice Baby ya 1990, lile besi ni la Under Pressure ya Queen na David Bowie ya 1981, na mwanzoni hakuwataja wenyewe, ikabidi baadaye mambo yamalizwe na majina yao yaandikwe. Hapa nazungumzia kopi, hizo nyingine nitazigusa zikinipitia.

Ipi ni bora kuliko zote?

George Michael, Somebody to Love, uwanja wa Wembley, 20 Aprili 1992. Najua wengine mtabisha, bisheni.

Ili uielewe lazima uanzie nyuma kidogo. Freddie aliandika huo wimbo 1976 akiwa anampenda sana Aretha Franklin, alitaka kwaya ya injili, lakini kwaya hawakuwa nayo, walichokuwa nacho ni watu watatu, yeye, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma, wakawa wanajirekodi juu ya sauti zao wenyewe tena na tena mpaka wale watatu wakasikika kama kanisa zima la watu weusi Jumapili asubuhi. John Deacon hakuimba mule, yeye na besi lake tu. Kwa hiyo wimbo wenyewe ulikuwa ni ndoto ya kwaya.

Sasa Freddie akafariki 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyotokana na ukimwi, na miezi mitano baadaye wenzake wakaandaa lile tamasha la kumkumbuka, watu kama 72,000 uwanjani. George Michael anapanda na nyuma yake iko kwaya ya kweli, London Community Gospel Choir. Yani ile kwaya aliyoiota Freddie imekuja kwa miguu yake. Na George haigi, sikiliza vizuri, sauti yake ni laini zaidi, ina pumzi, inaomba, Freddie alikuwa anadai. Ukifika pale kati muziki unaposhuka na kwaya inaanza kurudia maneno yale yale taratibu, mwangalie anavyougeukia uwanja kama mchungaji anayejua waumini wake wataitikia, na kweli wanaitikia wote.

Video ya mazoezi pia ipo mtandaoni, itafuteni. George amevaa kawaida tu anaimba kama vile ndo shoo yenyewe, na pembeni unamwona David Bowie amesimama anasikiliza kwa makini. Baadaye George alikuja kueleza kwamba wakati ule mpenzi wake, Anselmo Feleppa, alikuwa na virusi na yeye hakuwa amemwambia mtu, kwa hiyo alikuwa anamwimbia marehemu na huku anamwombea aliye hai. Anselmo alifariki 1993. Nikishajua hilo siwezi tena kuusikiliza nikiwa naosha vyombo, lazima nikae.

Ule wimbo ulitoka kwenye EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya Five Live mwaka 1993, ukaenda namba moja Uingereza, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaopambana na ukimwi.

Ni kweli Metallica walipata Grammy kwa wimbo wa Queen na Queen wenyewe hawana?

Kweli kabisa, na inachekesha mpaka inauma. Queen waliteuliwa mara kadhaa na hawakuwahi kushinda hata moja ya mashindano, walikuja kupewa tuzo ya heshima ya maisha 2018. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, wao walirekodi Stone Cold Crazy ya Queen kwa ajili ya albamu ya miaka 40 ya kampuni yao ya Elektra, ikatoka 1990, na mwaka uliofuata wakabeba Grammy ya metali.

Ila wamestahili. Ule wimbo ulitoka 1974 kwenye Sheer Heart Attack, una dakika mbili na kidogo tu, na Freddie anatema maneno kasi kama kondakta wa daladala anayetaja vituo asubuhi. 1974 hiyo! Thrash, yani metali ya kasi, haikuwa na jina bado. Metallica walichofanya ni kuupa gitaa zito zaidi, James Hetfield akaongeza na matusi yake mawili matatu, basi, wimbo ukawa umefika mtaa ambao ulikuwa unautafuta miaka 16. Kwenye lile tamasha la 1992 Hetfield aliimba huo wimbo na Queen wenyewe, gitaa likiwa limeshikwa pia na Tony Iommi wa Black Sabbath.

Mbona Bohemian Rhapsody kila anayeigusa anaiharibu?

Sio kila mtu, lakini wengi, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Ule wimbo ni rekodi kwanza, wimbo baadaye. Una dakika 5 na sekunde 55, hauna kiitikio, na kile kipande cha opera katikati kilichukua kama wiki tatu studio, sauti zikapandishwa juu ya sauti mpaka wanasema zilifika 180, utepe wa kurekodia umepita kwenye mashine mara nyingi hadi ukawa mwembamba ukiushika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Queen WENYEWE hawakuwa wanauimba huo mkasa jukwaani. Kipande cha opera kikifika wanatoka stejini, inapigwa rekodi na taa, halafu wanarudi kwenye lile gitaa zito. Sasa kama wenye mali wameshindwa, wewe na wenzio wanne mnataka nini?

Ndo maana hata 1992 Elton John aliimba mwanzo, opera ikapigwa rekodi, kisha Axl Rose wa Guns N' Roses akatoka mbio mbio na kuanza ile sehemu ya roki, mwisho wakamalizia pamoja. Bendi ikikuambia imeufanya wote kama ulivyo, noti kwa noti, mimi nauliza tu: ya nini? Rekodi ipo. Panic! at the Disco walifanya hivyo 2016 kwa filamu ya Suicide Squad, mwimbaji wao Brendon Urie anaimba vizuri sana, hakuna kosa hata moja, nikausikiliza mara mbili na sijaurudia.

Waliofanikiwa ni wale waliogeuza. Jake Shimabukuro kutoka Hawaii alichukua ukulele, nyuzi nne tu, akaucheza wimbo mzima peke yake kwenye jukwaa la TED mwaka 2010, na ukiusikiliza unagundua chini ya zile sauti zote kuna melodi ambayo hata mtoto anaweza kuibeba. Weird Al Yankovic akaugeuza polka nzima na kodiani yake 1993, haraka haraka, maneno yote yamo, na hakuna utani aliouongeza zaidi ya mwendo tu. The Braids, wadada wawili wa Oakland, 1996 wakaufanya R&B na wakaachana na opera kabisa, wenye akili. Halafu wale midoli wa The Muppets, 2009, yule mpiga ngoma wao Animal kazi yake ni kuita mama, mama, mama kama mtoto aliyepotea sokoni, nikicheka pale nacheka kweli. Na wachekeshaji wa Bad News waliuharibu makusudi 1987, aliyewasimamia studio ni Brian May mwenyewe, kwa hiyo usije ukawatetea Queen kuliko Queen.

Ile Bismillah ya mle ndani, Freddie aliitoa wapi?

Hili naulizwa na watu wa pwani kila wiki. Tunachojua: amezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, wazazi ni Waparsi, dini yao Zoroastria, sio Waislamu. Lakini mtoto wa Mji Mkongwe kulisikia neno Bismillah haihitaji utafiti, ni kama kuuliza mtoto wa Kariakoo alijulia wapi neno machinga. Maana ya wimbo yeye hakuwahi kuifafanua na alikataa alipoulizwa. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba leo kuna Mjerumani, Mbrazili na Mjapani wanapiga kopi ya huu wimbo na wote wanalitamka neno hilo kwa nguvu zote, wengine matamshi ni kichekesho, lakini wanalitamka.

Zanzibar kwenyewe watu wanazipiga?

Kwa watalii, ndiyo. Makumbusho yake yapo Shangani tangu 2019, kwa hiyo mgeni akitoka pale jioni anataka kuusikia muziki, na mpiga kinanda wa hoteli anajua hilo. Mimi nilikaa usiku mmoja kwenye hoteli moja (siitaji) wakapiga ile Rhapsody, vijana watatu, kinanda, gitaa na mmoja ana ngoma ndogo. Ilipofika opera yule wa kinanda akaondoa mikono, akaigeuzia meza maikrofoni, na wazee fulani wa Kizungu waliokuwa wanakula pweza wakaimba kile kipande CHOTE, kila meza na sauti yake, wengine juu wengine chini, wamelewa kidogo. Mhudumu kasimama na sinia mkononi anasubiri waishe. Halafu kinanda kikarudi mahali pake kana kwamba hakikutokea kitu. Nikamwuliza kijana baadaye, akanijibu, kaka, pale siwezi, sasa nikawaachia wanaoweza.

Ni mbinu ile ile ya Queen, wao walitumia utepe, yeye ametumia wageni.

Freddie mwenyewe alianza kama mpiga kopi?

Kama karibu kila mtu. Akiwa shule ya bweni Panchgani, India, alikuwa na bendi ya wanafunzi inaitwa The Hectics, yeye kwenye piano, wakipiga vitu vya Little Richard na Cliff Richard. Familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Mwaka 1973, kabla tu albamu ya kwanza ya Queen haijatoka, alitoa I Can Hear Music kwa jina la uongo la Larry Lurex, wimbo uliokuwa umeshaimbwa na Ronettes na Beach Boys. Na 1987 akaifanya The Great Pretender ya The Platters, hiyo mnaijua, suti ya pinki na ngazi.

Jukwaani Queen walipiga Jailhouse Rock na Tutti Frutti. John Lennon alipouawa 8 Desemba 1980, kesho yake usiku Queen walikuwa na shoo Wembley Arena wakaimba Imagine. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Budapest, 27 Julai 1986. Freddie akaamua kuimba wimbo wa kienyeji wa Wahungari, Tavaszi szél, kwa lugha yao, ambayo hajui hata neno, akaandika maneno kwenye kiganja cha mkono. Iangalie video, anaimba huku anachungulia kiganja, bila aibu, uwanja mzima ukalipuka. Mtu aliyejaza viwanja dunia nzima anapiga kopi ya wimbo wa bibi zao na anatumia kibomu kama mwanafunzi wa darasa la saba.

Queen na Adam Lambert, hiyo ni kopi au sio kopi?

Swali la ugomvi hili. Brian na Roger ndo waliopiga rekodi za mwanzo, kwa hiyo bendi sio ya kopi. Lakini mwimbaji yuko kwenye nafasi ya mpiga kopi, hilo tusifichane. Paul Rodgers alikuja kwanza, kuanzia 2004 mpaka 2009, sauti ya bluzi (blues), kifua kipana, mbali kabisa na Freddie, na wengi hawakumpenda kwa sababu hiyo hiyo ambayo mimi nampendea. Lambert alitokea kwenye shindano la uimbaji la American Idol 2009, usaili wake aliimba Bohemian Rhapsody, na yeye ana uwezo wa kupanda juu kote kule lakini anapanda kwa njia yake.

Kinyume chao ni Marc Martel wa Kanada. Huyo ana sauti ya Freddie, namaanisha ya Freddie, ukifumba macho unashtuka. Mwaka 2011 aliweka mtandaoni video ya Somebody to Love akitafuta nafasi kwenye bendi rasmi ya kuenzi Queen, akaipata, na sauti yake ikatumika mpaka kwenye filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018. Namheshimu sana. Ila nikimaliza kumsikiliza mkono unaenda wenyewe kumtafuta Freddie. Ukifanana sana na mtu ndo unavyomkumbusha kwamba hayupo.

We Will Rock You na We Are the Champions, nani alizipiga vizuri?

Mashabiki uwanjani. Five, wale vijana wa pop, waliipeleka We Will Rock You namba moja Uingereza mwaka 2000, Brian na Roger wakiwa mle ndani, na Robbie Williams aliimba Champions na Queen 2001 kwa filamu ya A Knight's Tale. Zote hizo sawa. Lakini kumbuka wimbo ulikotoka: 1977 Queen wamemaliza shoo Bingley Hall, Stafford, na watu badala ya kuondoka wakaanza kuwaimbia bendi You'll Never Walk Alone (watu wa Liverpool mko wapi), Brian akarudi kulala anawaza, watu waliobanana namna hii wanaweza kufanya nini? Kupiga miguu, kupiga makofi, kuimba. Kesho yake ana wimbo. Studio yenyewe ilikuwa kanisa la zamani, walikanyaga mbao na kurudia juu kwa juu. Kwa hiyo umetengenezwa upigwe na asiyejua kupiga kitu, na mtoto yeyote anayegonga dawati dum dum pa tayari ameshapiga kopi.

Kuna kopi za kantri?

Ipo moja ya kutosha. Dwight Yoakam, 1999, Crazy Little Thing Called Love, ilianza kwenye tangazo la nguo. Freddie aliutunga hotelini Munich akiwa anaoga, dakika chache, kwa kumkumbuka Elvis, na gitaa alilishika mwenyewe ingawa sio fani yake. Yoakam ameurudisha tu kusini ya Marekani kulikotoka mdundo wake. Ukisikia utadhani Queen ndo walioukopi kwake.

Na akina dada?

Céline Dion, The Show Must Go On, 2016, na Lindsey Stirling kwenye violini. Mume wake René Angélil alikuwa amefariki Januari mwaka huo. Freddie alirekodi huo wimbo akiwa mgonjwa taabani, kwa hiyo ni wimbo wa mtu anayesimama wakati miguu haipo, na Céline aliuimba akiwa kwenye hali hiyo. Kwa kawaida Céline ananizidia, sauti nyingi mno, hapa nyingi ndo inayotakiwa. Annie Lennox na Bowie kwenye Under Pressure 1992 pia, macho yamepakwa rangi nyeusi, gauni kubwa kama pazia, anamwegemea Bowie shingoni mpaka na yeye haelewi aangalie wapi.

Nikipiga kopi yangu nikaiweka YouTube nitashtakiwa?

Kushtakiwa ni nadra, ila hela inaweza isiwe yako. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukipiga mwenyewe rekodi ni yako, utunzi bado ni wa wenyewe, na mfumo wa YouTube ukiutambua mwenye haki anaamua, aweke matangazo achukue pato au aifunge. Ukitaka kuiuza Spotify, leseni ya kopi inatakiwa, baadhi ya wasambazaji wanakutafutia kwa ada. Kubadilisha maneno au kutafsiri kwa Kiswahili ni habari nyingine, hapo ruhusa unaiomba kabisa. Kwa mambo ya nyumbani nenda ofisi za hakimiliki, COSOTA kama uko Tanzania au KECOBO kama uko Kenya, usiniulize mimi, mimi msikilizaji.

Sijui hata wimbo mmoja wa Queen, nianzie wapi?

Sikiliza Stone Cold Crazy ya 1974 halafu ya Metallica mara moja baada yake, jumla dakika kama nne na nusu. Kisha Somebody to Love ya 1976 kwa hedifoni, jaribu kuhesabu wale watatu, utashindwa. Ndo ufungue Wembley 1992, na simu uiweke mbali.